Hesabu Mabawa

Tafakari ya Juma
Somo: Marko 5:1–20



Jumatatu iliyopita nilisimama nyuma ya nyumba ya mchungaji, kandambili mkononi, tayari kuua. Mama Mchungaji alikuwa ameacha tuta moja la kotimiri lichanue ili apate mbegu, na vile vishada vya maua meupe vilikuwa vimejaa wadudu wenye mistari ya njano na nyeusi. Wanavuma, wanatua, wananyanyuka, wanarudi. Watoto wa jirani hukatiza hapo kila asubuhi na ndoo zao za maji. Nikawaza: nyigu hawa watakuja kumdunga mtoto wa watu.

Bibi shamba wa kata yetu, ambaye pia ni msharika mwenzetu, alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na miche ya kabichi kwenye beseni. Akaniona nimeinua mkono.

"Baba Mchungaji, subiri kwanza," akasema. "Kabla hujapiga, hesabu mabawa."

Nikainama. Mmoja alikuwa ametulia juu ya ua, urefu wake kama punje ya mpunga. Mabawa yalikuwa mawili tu, maangavu kama karatasi ya nailoni, ameyatanua huku na huku. Bibi shamba akaliweka beseni chini, akachuchumaa karibu nami. Nyigu ana mabawa manne, akanieleza, ila yale ya nyuma yameshikizwa na ya mbele kwa vindoano vidogo mno, na mtu asiye makini huona mawili. "Kwa hiyo usiishie hapo. Tazama kiuno. Cha nyigu kimebanwa kama kimefungwa uzi. Huyu hana kiuno. Tazama vipapasio. Vya nyigu ni virefu. Vya huyu vimebaki kama vinundu viwili usoni. Tazama na macho, yalivyochukua karibu kichwa kizima." Kisha akanyoosha kidole taratibu mbele ya ua. Yule mdudu akapanda juu yake, akashusha mdomo wake laini, akaanza kuramba jasho.

"Huyu ni nzi," akasema. "Nzi wa maua. Wataalamu humwita Ischiodon aegyptius, na yuko sehemu kubwa ya Afrika. Hana mwiba wala sumu. Amevaa tu koti la nyigu."

Nikaivaa kandambili yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikishuka kwenye tuta lile kila asubuhi baada ya sala, na niliyoyaona huko ndiyo ninayotaka tuyatafakari juma hili, tukiyaweka kando ya habari ya yule mtu wa makaburini katika nchi ya Wagerasi.

Nzi wa maua wanajulikana duniani kwa zaidi ya aina 6,000, na wengi wao wamevaa sura ya nyuki au ya nyigu. Njano iliyokatwa na nyeusi ni tangazo ambalo ndege hulisoma haraka. Kinda likidonoa nyigu siku moja, likadungwa mdomoni, halisahau. Tangu hapo chochote chenye mistari ile hukiacha kipite. Nzi wa maua anaishi ndani ya kumbukumbu hiyo. Hajawahi kumdunga kiumbe yeyote, lakini anakula heshima ya mwiba wa mwenzake. Wapo wanaozidisha: huinua miguu ya mbele na kuichezesha mbele ya kichwa ili ionekane kama vipapasio virefu. Wengine ukiwashika hukubonyeza kwa ncha ya tumbo kana kwamba wanakudunga, na ukihisi vizuri, hakuna kilichoingia.

Aliyelieleza jambo hili kwa utaratibu wa kisayansi ni Mwingereza Henry Walter Bates. Alikaa miaka 11 katika misitu ya mto Amazon akikusanya wadudu, na mwaka 1862 akachapisha maelezo yake kutokana na vipepeo aliowaona huko: kiumbe kisicho na silaha hulindwa kwa kufanana na chenye silaha. Hadi leo uigaji wa namna hii huitwa kwa jina lake.

Na koti hilo halikuwadanganya ndege peke yao. Wagiriki na Warumi wa kale waliamini kwamba nyuki huweza kuzaliwa kutoka kwenye mzoga wa ng'ombe. Mshairi wa Roma, Virgil, aliandika hata namna ya kumfungia fahali mchanga katika chumba chembamba na kumuua humo ili nyuki wapatikane. Watu wenye elimu wakairithishana habari hiyo karne kwa karne. Mwaka 1894 mtaalamu wa nzi, Carl Robert Osten-Sacken, akatoa kitabu akieleza kwamba waliokuwa wakitoka kwenye mizoga ile walikuwa nzi wa maua, aina ya Eristalis tenax. Funza wake hukulia katika uozo na maji machafu, akipumua kwa bomba refu kama mkia wa panya, naye akikomaa hufanana mno na nyuki. Hapo msimwingize Samsoni na simba wake. Katika Waamuzi 14 palikuwa na asali, na nzi hatengenezi asali. Lakini fikirini juu ya karne hizo zote. Watu waliona wingu la wadudu juu ya mzoga, wakaridhika na rangi na mvumo, wakaenda kuandika vitabu.

Bwana wetu alituonya juu ya mbwa mwitu wanaotujia wamevaa ngozi ya kondoo, katika Mathayo 7. Onyo hilo tumelishika. Hata mtoto wa shule ya Jumapili analijua. Kwenye tuta la kotimiri niliona kinyume chake, na nikasikitika kwamba miaka yote ya kuhubiri sijawahi kulisemea. Wako kondoo waliovaa ngozi ya mbwa mwitu. Wako watu wasio na mwiba wowote ambao wamejishonea koti la ukali, kwa sababu wamedonolewa mno, au kwa sababu wanaogopa kudonolewa. Tunakutana nao kwenye daladala, kwenye vikao vya ukoo, kwenye foleni ya zahanati, mezani kwetu wenyewe. Nao tunawahukumu kwa mistari.

Katika usharika mmoja niliowahi kuhudumu alikuwapo mzee ambaye mkutano mkuu wote ulikuwa unamwogopa. Mhazini akianza tu kugawa karatasi za mapato na matumizi, yeye husimama. "Karatasi za nini? Someni kwa sauti! Mnatuficha nini humo?" Sauti yake ilikuwa ya kutetemesha madirisha. Mara mbili alizitupa karatasi sakafuni mbele yangu. Wazee wenzake walimwita Nyigu akiwa hayupo, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikilisikia jina hilo na sikulikemea. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia ya chini iendayo shuleni. Nilijizoeza kupita njia ya juu, yenye mlima zaidi, ili nisipite mlangoni kwake. Kwa miaka 4 nilikuwa ndege: niliona mistari, nikakaa mbali.

Nitamrudia mzee huyo. Kwanza turudi bustanini, maana kuna jambo la macho.

Siku ya tatu bibi shamba alikuja na lenzi ndogo ya mkononi. "Leo nikuonyeshe dume na jike," akasema. Ukimtazama nzi wa maua kutoka juu, jibu liko kichwani. Macho mawili makubwa ya dume yamekutana utosini, yamegusana, kana kwamba kichwa chote kimegeuka jicho. Ya jike yameachana, na katikati yake pamepita njia, kama njia ya nywele iliyochanwa kwa uangalifu kabla ya kusuka. Ziko aina chache ambazo hata madume yana mwanya kati ya macho, na hapo utatazama ncha ya tumbo. Ya dume ni butu, ya mviringo, imekunjwa kwa chini. Ya jike imechongoka.

"Watu wakiiona ncha hii ya jike ndipo wanapokimbia kabisa," bibi shamba akasema. "Wanadhani ni mwiba. Ni mahali pa kutagia mayai tu." Kisha akanifunulia jambo ambalo kwa umri wangu wote sikulijua. Hata kwa nyigu wenyewe, wanaodunga ni majike peke yao, kwa kuwa mwiba wao ni kiungo cha kutagia kilichogeuka kuwa silaha. Nyigu dume amevaa mistari ileile na hana cha kukudunga nacho.

Nikauliza kwa nini macho ya dume yawe makubwa kiasi kile. "Kwa sababu anatafuta," akanijibu, akanionyesha kwa kidevu kule kwenye mparachichi.

Chini ya mparachichi wetu, pale jua linapopenya majani mnamo saa nne asubuhi, dume wa aina nyingine, mnene zaidi, alikuwa amesimama hewani. Kimo cha kifua changu, mahali palepale, kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Mabawa hayaonekani, ni ukungu tu wenye mvumo. Upepo ukimsukuma kidogo, hujirekebisha. Akipita mdudu yeyote humrukia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata: nyuki, kipepeo, nzi wa jikoni. Humfikia, humtambua, humwacha, na kufumba na kufumbua amerudi kwenye kituo chake. Niliokota kokoto dogo nikalirusha mbele yake. Akalifukuza, akarudi. Nikarusha la pili. Akalifukuza hilo nalo, akarudi, akasimama.

Watafiti wawili wa Uingereza, Thomas Collett na Michael Land, walizichunguza mbio hizi, na mwaka 1978 wakaonyesha jambo la ajabu. Dume haelekei pale jike alipo. Tangu mwanzo hushika mwelekeo wa pale jike atakapokuwa, ili wakutane njiani, na uamuzi huo huufanya katika kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Kwa umbali ule yeye naye haoni zaidi ya doa linalopita. Hajui kama ni mwenzake, au nyuki, au nyigu mwenye mwiba wa kweli, au kokoto tu. Anakwenda.

Wako wenye subira ya namna nyingine. Katika aina moja ndogo iitwayo Syritta pipiens, dume humfuata jike kwa nyuma akitunza umbali wa sentimita 10 hivi, anasimama jike anaposimama, anageuka anapogeuka, mpaka atue. Na huko Ulaya dume wa Eristalis nemorum huelea juu kidogo ya jike anayekula juu ya ua, naye jike akiendelea kula. Hutokea dume wa pili akaja kuelea juu ya wa kwanza, na mwingine juu ya huyo, wakapangana kama vidato vya ngazi, wote wakimtazama mmoja aliye chini. Baadaye, mmoja akipokelewa, huungana. Aina nyingine hutulia kwenye jani, nyingine huonekana zikiruka pamoja zikiwa zimeshikamana.

Nimekaa na jambo hili juma zima. Ndege na dume wanalitazama koti moja. Mwanzoni wote wawili hawana hakika. Ndege humaliza shaka yake kwa kukaa mbali, na atabaki hivyo hadi kufa, asijue kamwe ni nani aliyempita. Dume humaliza shaka yake kwa kusogea. Hukosea mara nyingi. Hukimbilia mawe, hurudi mahali pake, huanza tena. Hata hivyo, kati ya viumbe wote wa bustani ile, yeye ndiye anayemfahamu aliye ndani ya koti. Koti limeshonwa kwa ajili ya adui aliye mbali. Mbele ya anayesogea halina kazi.

Sasa fungueni Marko 5. Yuko mtu anayekaa makaburini. Mji mzima unamfahamu kwa mvumo wake: usiku na mchana anapiga kelele milimani. Wamemtia pingu na minyororo, ameikata. Mathayo, katika sura ya 8, anasema watu hawakuweza hata kuipita njia ile. Naielewa hali hiyo. Nami nilikuwa na njia yangu ya juu. Lakini Marko, kwa maneno machache mno, anataja kitu ambacho minyororo ya mji haikukijali: mtu huyu alikuwa akijikata kwa mawe. Marko hamtaji mwingine yeyote aliyejeruhiwa. Ukali wote ule, na damu tunayoiona katika habari hii ni ya kwake mwenyewe.

Yesu amevuka ziwa katika dhoruba ili kufika ng'ambo ile. Anashuka chomboni, mtu yule anamwona kwa mbali, anamjia mbio. Wengine wote wangerudi chomboni. Yesu anabaki, na katikati ya kelele anamwuliza jina lake. Ni miaka mingapi ilikuwa imepita tangu mtu amwulize jina? Watu walikuwa wakimletea minyororo. Jibu analolipata Bwana ni Legioni, jina la kikosi kizima cha askari wa Kirumi. Koti juu ya koti juu ya koti. Bwana haondoki hadi aliye chini ya hayo yote aonekane. Mwisho wa habari mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, anaomba kumfuata aliyemponya.

Na hapa pana jambo la kutushtua. Marko anasema watu wa mji waliogopa pale walipomwona ametulia. Walikuwa wamezoea kelele. Na sasa wanamwomba Yesu aondoke katika mipaka yao. Ndugu zangu, inawezekana tukampenda sana nyigu wetu kwa sababu anatupa ruhusa ya kutosogea.

Turudi kwa mzee. Baada ya miaka hiyo 4, mke wake alifariki. Mazishi yalipokwisha, matanga yakavunjwa na watu wakatawanyika, sikuwa tena na njia ya juu ya kupita. Mchungaji ni lazima aende kwa mfiwa. Nilimkuta ameketi barazani peke yake. Mbele yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda vifuko vitatu vya dawa, vile vya karatasi ya kaki, vimeandikwa kwa kalamu ya wino. Alikuwa amevimwaga vidonge na kuvipanga kwa rangi: vyeupe huku, vya waridi kule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchungaji. Karibu ukae."

Tukakaa kimya muda mrefu. Kuku akaja, akamfukuza kwa mkono bila kusema neno. Kisha akanisogezea kifuko kimoja, akageuza uso kuangalia migomba, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nisomee hapa. Mama yao ndiye aliyekuwa akinisomea."

Ilikuwa imeandikwa kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula. Nikamsomea, nikarudia, akarudia yeye. Tukavirudisha vidonge kwenye vifuko vyake. Kimoja akakikunja pembe, cha pili akakikunja mara mbili, cha tatu akakiacha, ili vidole vyake vikumbuke.

Hapo ndipo nilipoielewa mikutano yote ile. Kila karatasi iliyogawiwa ilikuwa ikimjia kama panga. Mtu mzima, mwenye shamba na wajukuu, anakabidhiwa maandishi mbele ya watu, na wakati wowote jirani yake kwenye benchi atamwuliza anauonaje ukurasa wa pili. Akavaa koti. Akavuma kabla mtu hajamkaribia. Nasi tukakaa mbali, mchungaji wake akitangulia.

Nilimwomba msamaha palepale barazani. Ameniruhusu kuwasimulieni haya, mradi nisimtaje jina wala kijiji. Mwaka uliofuata tulianza kusoma taarifa ya fedha kwa sauti kanisani, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akitaka. Siku ya kwanza tulipofanya hivyo, akina mama kadhaa wa mabenchi ya nyuma walinifuata baada ya ibada, wakanishika mkono, wakashukuru. Wao nao hawakujua kusoma, na miaka yote walikuwa wakizipokea karatasi na kuzikunja kimya kimya ndani ya khanga. Kumbe yule tuliyemwita Nyigu ndiye aliyekuwa akiwasemea.

Ni lazima niseme na neno jingine, tena nalisema kwa uzito wote. Nyigu wa kweli wapo. Lile koti lisingemfaa nzi hata kidogo kama wenye mwiba wasingekuwapo. Sihubiri kwamba kila ukali ni woga uliojificha. Mama unayepigwa ndani ya nyumba yako, mtoto unayeguswa na mtu mzima asivyopaswa kukugusa: sikuambii ukae karibu naye ukihesabu mabawa. Umeshadungwa; umeshajua. Ondoka, sema, njoo kwa mchungaji, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Ukija kwangu nitakusikiliza na nitakuamini. Mtu yeyote atakayeitumia tafakari hii kukurudisha kwenye kipigo, ameisoma vibaya.

Kipimo tumepewa na Bwana mwenyewe, mahali palepale alipotuonya juu ya mbwa mwitu: tutawatambua kwa matunda yao. Kipimo hicho hufanya kazi pande zote mbili. Humfichua mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, na humtetea kondoo aliyevaa ngozi ya mbwa mwitu. Kwa hiyo jiulize juu ya yule unayemwogopa: amemwumiza nani? Ukipata majina, jilinde, na uwalinde walioumizwa. Ukitafuta usipate hata jina moja, ukabaki na kelele tu mkononi, basi sogea.

Jumamosi, kabla sijaketi kuandaa mahubiri, nilishuka tena bustanini. Bibi shamba alikuwa ameniagiza nigeuze majani ya kabichi za zamani, zile zilizoshambuliwa. Chini ya jani la kwanza palikuwa na vidukari, kundi la kijivu kama waliopakwa unga, midomo imezama wanafyonza. Pembeni yao palikuwa na yai moja jeupe, dogo kuliko mbegu ya ufuta. Chini ya jani la pili yai lilikuwa limekwisha kuanguliwa. Funza wa kijani, asiye na miguu wala macho, alikuwa akipapasa kulia na kushoto kwa ncha ya kichwa. Akakigusa kidukari. Akakinasa, akakinyanyua juu, vijiguu vikining'inia, akakifyonza mpaka likabaki ganda. Akaliacha lidondoke, akaanza kupapasa tena.

Funza mmoja wa namna hii huweza kula mamia ya vidukari kabla ya kugeuka kuwa nzi. Nzi akishakomaa hula mbochi na chavua, na jike asipopata chavua hawezi kukomaza mayai. Ndiyo sababu alilihitaji tuta la kotimiri. Alikuja kula hapo, akaungana na mwenzake, akavuka hadi kwenye kabichi, akachagua jani lenye vidukari, na kwa ncha ile ambayo mimi ningeapa kuwa ni mwiba, akaweka mlinzi. Kandambili yangu ilikuwa karibu kumuua yule ambaye kabichi zetu zilikuwa zinamngojea.

Nikaligeuza jani taratibu, likarudi kama lilivyokuwa.

Kwa juma hili

Mtaje mbele za Mungu mtu mmoja ambaye umekuwa ukipita njia ya juu kumkwepa. Mpime kwa matunda, kama tulivyosema. Kama huoni aliyeumizwa naye, mwendee. Usiende na karatasi ya malalamiko wala na wazee wawili wa kukusindikiza. Nenda ukae barazani. Muulize habari zake ambazo hakuna anayemwuliza. Ikiwa umekosea, ukakuta ni jiwe, rudi mahali pako, usivunjike moyo, simama tena.

Na kama koti ni lako wewe, kama wewe ndiye unayevuma ili watu wasikaribie, mkumbuke yule mzee. Hakuvua koti mbele ya mkutano mkuu. Alimsogezea mtu mmoja kifuko kimoja cha dawa. Mtafute wa kwako mmoja. Bwana aliyelivuka ziwa lenye dhoruba kwa ajili ya mtu wa makaburini anajua njia ya kwenu.

Sala

Ee Bwana Yesu, wewe hukupita njia ya juu. Ulishuka chomboni, ukasimama mbele ya mtu ambaye mji wake ulimfunga minyororo, ukataka kujua jina lake. Tusamehe kwa wale tuliowahukumu kwa mistari yao tukiwa mbali. Tupe macho yanayotafuta na miguu inayosogea. Walinde wanaoumizwa na wenye mwiba, uwape mlango wa kutokea na watu wa kuwaamini. Na sisi tuliojifunika ukali kwa sababu ya hofu, utupe leo mtu mmoja wa kumwambia yaliyo moyoni, na ujasiri wa kuyasema. Kwa jina lako tunaomba. Amina.